Mwani wa Chokaa wa Mombasa: Kuutafuta, Kuutambua, Kuupima na Kuuhifadhi

Maji yakikupwa Nyali au Bamburi, juu ya mawe na matumbawe mafu huonekana vichaka vya kijani kama mpungate uliosinyaa ukaenea kiganjani. Ukiuminya kwa vidole hautelezi kama mwani mwingine. Unavunjika kwa mlio, kama ganda la yai. Huo ndio Halimeda, jina ulilopewa na Mfaransa Lamouroux mwaka 1812. Spishi yake moja, Halimeda opuntia, imechukua jina la mpungate wenyewe, kwa kuwa opuntia ndio mpungate.

Anayetafuta mwani wa biashara hapa hatapata kitu. Ule unaolimwa kwenye kamba kule Kibuyuni, Kwale, ni mwani mwekundu, nao hununuliwa kwa sababu ya karajinani iliyomo, utomvu wa kugandishia vyakula. Halimeda ni mwani wa kijani na karajinani hauna. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi, mwalimu, au kikundi cha ufuo kinachotaka kujua mwamba wake una nini na kuweka rekodi ambayo mtu mwingine anaweza kuiamini.

Mwili wake

Tawi la Halimeda limejengwa kwa pingili, kama muwa: pingili, kifundo, pingili. Pingili ni ngumu kwa chokaa, kifundo hakina chokaa ndiyo maana tawi huyumba na mawimbi bila kukatika. Chini kuna kitako kinachoshika jiwe au mchanga. Kitako si mzizi kama wa muhogo, lakini ukikikosa umekosa nusu ya utambulisho. Kosa hili ndilo linaloharibu sampuli nyingi kuliko jingine lolote, na tutalirudia.

Ndani hakuna kuta zinazotenganisha seli. Mwani mzima ni seli moja kubwa yenye viini vingi, nyuzi ndefu zimesukana katikati na kumalizikia juu kwa vifuko vidogo vilivyobanana. Chokaa hujijenga katika nafasi zilizo baina ya vifuko, nje ya kuta za nyuzi. Mwani unapotumia kaboni dioksaidi kwa mwanga wa jua, maji yaliyonaswa humo hupungua asidi na chokaa aina ya aragonaiti huganda. Wazee walichoma matumbawe tanuruni kupata chokaa ya kujengea; huu unaifanya baharini bila moto.

Pingili mpya huchomoza usiku, laini na nyeupe, na asubuhi chembe za kijani zikishapanda huwa kijani. Chokaa huanza kuingia baada ya kama saa 36. Kwa hiyo pingili za nchani huwa laini hata kwenye mwani mzima wa afya, nazo ndizo zenye sumu kali zaidi ya kuwafukuza samaki wala mwani kama tafi na pono. Usipime ugumu, wala usikate pingili ya kuchunguza, kutoka nchani. Chukua zile za katikati ya tawi. Za chini kabisa nazo zina umbo lao lisilofanana na nyingine.

Ruhusa kabla ya ndoo

Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986. Ina eneo la kilomita 10 za mraba ambalo hakivuliwi wala hakitolewi kitu humo, na kulizunguka kuna hifadhi ya nje, kubwa zaidi, yenye kilomita 200 za mraba, ambako uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Zote ziko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kuingia kutazama na kupiga picha unalipa kiingilio. Kung'oa hata tawi moja kwa utafiti kunataka kibali: cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwa utafiti wenyewe, na cha KWS kwa mahali. Sampuli zikikusudiwa kuchunguzwa jeni au kutoka nje ya nchi, NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nayo inaingia. Anza miezi kadhaa kabla. Nje ya mipaka hiyo, pita kwanza kwa wavuvi wa BMU (kikundi cha kusimamia ufuo) ya hapo. Wao ndio watakaokuonyesha mlango wa mwamba uko wapi, na wao ndio watakaouliza unabeba nini kwenye ndoo.

Kazi ya kuhesabu tu, bila kuchukua kitu, inatosha kabisa kwa shule. Tunaipendekeza hiyo.

Kuchagua siku

Kifaa cha kwanza ni jedwali la maji la Kilindini. Nenda siku za bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Mombasa, bamvua huleta kupwa kwa chini kabisa karibu na saa nne au saa tano za asubuhi, wakati mwafaka wa mwanga. Chagua siku ambayo jedwali linaonyesha kupwa kwa chini ya mita 0.5. Siku za maji mafu mwamba haufunuki vya kutosha, utapoteza safari.

Ingia saa moja na nusu kabla ya kupwa kwa mwisho, ukifuata maji yanavyoondoka. Toka yakianza tu kugeuka, hata kama hujamaliza. Tofauti ya kupwa na kujaa siku za bamvua hupita mita 3, na baina ya mwamba na ufuo kuna sehemu zilizo chini kuliko mwamba wenyewe: unaweza kuwa umesimama pakavu huku njia ya kurudi imeshafika kifuani.

Kaskazi, hasa Januari hadi Machi, maji huwa meupe na matulivu. Wakati wa kusi mawimbi hutibua mchanga na mwani uliokatika hujaa ufuoni. Unaweza kufanya kazi kusi, ila usilinganishe hesabu ya Februari na ya Julai ukasema mwani umeongezeka au umepungua. Linganisha Februari na Februari.

Usiokote mwani uliotupwa ufuoni ukauandika kuwa ni wa hapo. Hujui umetoka wapi.

Vifaa, na jinsi ya kutengeneza kwadrati

Vaa raba zenye soli nene au kata mbuga zilizofungwa vizuri. Miiba mirefu myeusi ya baharini hupenya ndara. Glavu za kazi, miwani ya kupigia mbizi na mrija, utepe wa kupimia wa mita 50, kisu butu, brashi ya meno, chupa za mdomo mpana, mifuko ya plastiki yenye kufunga, penseli (si kalamu), na karatasi isiyolowa. Karatasi hiyo ukiikosa, kipande cha plastiki nyeupe kilichosuguliwa kwa msasa huandikika kwa penseli na kufutika kwa mchanga.

Kwadrati ni fremu ya mraba ya kuhesabia. Nunua hadwea paipu ya plastiki ya nusu inchi na elbo nne. Wengi hukata paipu nne za sentimita 50 kisha wanashangaa mraba si wa 50: elbo zinaongeza. Unganisha kwanza bila gundi, pima upande wa ndani, punguza paipu hadi ndani ifike sentimita 50 kamili, ndipo utie gundi. Toboa matundu kama kumi kwenye paipu ili maji yaingie, la sivyo fremu itaelea na mawimbi yataichukua. Kisha toboa kila upande kwa sentimita 10, 20, 30 na 40, upitishe uzi wa kuvulia. Utapata nyuzi nne kwenda na nne kukatiza, makutano 16.

Kuhesabu

Laza utepe wa mita 50 sambamba na mwamba, ncha zote mbili zimefungwa kwenye mawe mafu, kamwe si kwenye matumbawe hai. Weka kwadrati kila baada ya mita 5, kuanzia sifuri hadi mita 45: kwadrati 10. Ziweke upande uleule wa utepe, na ziweke pale namba inapoangukia. Mkono hupenda kusogea kidogo kuelekea kichaka kizuri. Hapo hesabu yako yote imekufa na hakuna atakayejua isipokuwa wewe.

Kwa kila makutano ya nyuzi, tazama wima chini na uandike kilichopo: Halimeda, mwani mwingine, tumbawe hai, nyasi za bahari, mchanga, jiwe tupu. Mwani ukiyumba, subiri utulie, usiusogeze. Kwadrati 10 zina makutano 160. Halimeda ukiangukia 24, gawa 24 kwa 160: asilimia 15. Utepe mmoja hautoshi kusema lolote kuhusu mwamba mzima. Weka mitatu angalau kwa kila eneo, na andika kama ni juu ya mwamba, nyuma yake, au kwenye nyasi.

Andika pia idadi ya wanyama wa miiba (wale wa mviringo waliojaa miiba, sea urchin kwa Kiingereza) ndani ya kila kwadrati. Wanakwangua mawe, na mahali ambapo samaki wanaowala kama kikande wamevuliwa sana huongezeka. Hesabu ya mwani bila hesabu ya walaji wake hueleza nusu ya habari.

Kuna hali moja inayowababaisha watu. Utakuta shina zima jeupe kama karatasi, na pembezoni mwa pingili kuna vijishanga vya kijani kibichi kama zabibu ndogo. Huo si ugonjwa wala joto. Mwani unazaa. Usiku mmoja humimina karibu kila kilichomo ndani yake kwenye vijishanga hivyo, hutoa mbegu zake majini karibu na alfajiri, kisha hufa na pingili kusambaratika. Andika “unazaa”, piga picha, na rudi kesho: utakuta chokaa tupu. Pingili hizo zikiporomoka ndizo zinazogeuka mchanga, na mchanga huo ndio unaokalia nafasi kubwa ya sakafu ya miamba mingi ya nchi za joto.

Kuchukua sampuli

Ukiwa na kibali, chukua mashina matatu kwa kila aina unayoiona, na usiguse mahali penye chini ya mashina kumi. Kwenye jiwe, ingiza kisu butu chini ya kitako na ukibandue polepole, hata kikitoka na kipande cha jiwe. Kwenye mchanga usivute. Chimba kwa vidole kuzunguka shina, sentimita 10 hadi 15 kwenda chini, kisha inua bonge zima na mchanga wake. Ukivuta, kitako hubaki chini, na aina mbili za mchangani zitakuwa zimefanana mezani.

Weka kila shina kwenye mfuko wake pamoja na maji ya bahari na lebo ya penseli, funga, tia ndani ya ndoo yenye kifuniko, kivulini. Ukiacha ndoo wazi juani maji yatapata joto, mwani utaficha chembe zake za kijani ndani na utafika nyumbani ukiwa umefifia. Piga picha palepale, na rula au sarafu pembeni, kabla ya kung'oa.

Vipande vilivyovunjika virudishe palepale vilipotoka. Kipande kidogo cha Halimeda huweza kushika na kuota upya, kwa hiyo usikimwage kwenye mwamba mwingine wala kwenye kreki.

Kutambua: anza chini, panda juu

Kitako kwanza. Kama ni bonge la mchanga la ukubwa wa kidole gumba au zaidi, shina moja limesimama wima kutoka kwenye mchanga au nyasi za bahari, na pingili ni pana kama sarafu kubwa, elekea H. macroloba. Kama hakuna kitako kimoja, bali mwani umetambaa na kushika mawe kwa nyuzinyuzi sehemu nyingi, pingili ni ndogo chini ya sentimita moja, zina mbavu na ncha tatu, zimejipanga kila upande, hiyo ni H. opuntia. Kama kitako ni kimoja, kidogo, kwenye jiwe, na pingili ni pana, laini, zenye kung'aa na chokaa haba, fikiria H. discoidea, kisha jitilie shaka, kwa sababu H. tuna inafanana nayo.

Hapo umbo la nje halitoshi. Mwani ulioota kivulini au kwenye kina una pingili kubwa na nyembamba kuliko ndugu yake wa juani. Kata pingili moja ya katikati, itie kwenye siki nyeupe usiku mzima hadi mapovu yaishe, isuuze, kisha uipasue kwa wembe mkali na uitazame kwa hadubini. Tone la ayodini ya dukani husaidia kuona. H. discoidea ina vifuko vya safu ya pili kutoka nje vilivyovimba mno, vinavyoonekana hata kwa kioo cha kukuzia. Kisha tenganisha polepole pingili mbili kwenye kifundo kwa sindano mbili. Kwenye discoidea na tuna, nyuzi zinazopita kifundoni huungana mbilimbili au tatutatu kwa kitambo kirefu. Kwenye macroloba zote hushikana kuwa fungu moja lenye matundu ya kuunganisha. Kwenye opuntia huungana kwa kitambo kifupi tu, au hata kidogo.

Usichanganye na mwani mwekundu wenye viungo, ambao nao una chokaa na hutoa mapovu kwenye siki. Huo ni wa waridi au zambarau, na pingili zake ni nyembamba kama sindano. Udotea nao ni wa kijani na una chokaa kidogo, lakini umbo lake ni la kipepeo cha mkono, bila pingili.

Ukifika hapa bado huna hakika, andika “Halimeda sp.” na uache hivyo. Jina la kubahatisha ni baya kuliko jina lisilokuwepo.

Kupima chokaa

Kata kitako ukiweke kando: mchanga ulionaswa humo utapotosha kipimo. Sugua pingili kwa brashi ya meno ndani ya maji ya bahari, zitie kwenye maji baridi ya bomba kwa sekunde chache ili chumvi itoke, zifute. Kausha kwenye oveni nyuzi 60 kwa saa 48. Pasipo oveni, kausha kwenye sanduku la jua na upime kila siku. Uzito ukilingana siku mbili mfululizo, umekauka. Mizani ya sonara yenye kusoma gramu 0.01 inafaa.

Chukua gramu 2. Gramu 1 ya chokaa hula kama mililita 24 za siki ya asilimia 5, kwa hiyo mimina mililita 100 upate ziada. Soma lebo, maana siki nyingine ni ya asilimia 4. Badilisha siki baada ya saa 12, na uendelee hadi isitoe povu hata ukiitikisa. Kitakachobaki ni sponji laini la kijani. Lichuje kwa karatasi uliyoipima mapema, suuza mara tatu, kausha, pima. Mfano: gramu 2.00 zimebaki 0.42. Toa, gawa kwa 2.00: asilimia 79. Siki huyeyusha pia vitu vichache visivyo chokaa, kwa hiyo kipimo hupanda kidogo. Ukipata asilimia 95, hukusafisha mchanga. Ukipata 40, labda ulichukua pingili za nchani, au siki iliishia njiani.

Siki haitoshi kwa haraka? Maabara hutumia asidi haidrokloriki ya asilimia 5. Asidi humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, na kazi hii si ya darasa la watoto.

Kupima ukuaji

Funga uzi mwembamba wa pamba, ukiwa umelegea, kwenye kifundo kilicho chini ya pingili ya nchani. Fanya hivyo kwenye ncha 20 za mashina tofauti, na weka alama ya plastiki kwenye jiwe la karibu. Rudi baada ya siku 7, hesabu pingili zilizo juu ya uzi, toa ile moja ya mwanzo, gawa kwa 7. Uzi ukikaza hukata kifundo na utahesabu sifuri ambayo si ya mwani bali ya mkono wako. Ncha zilizoliwa na samaki ziandike kando. Usizitupe wala usiziite sifuri.

Kuhifadhi

Halimeda haipendi kubanwa kwenye gazeti kama jani la mwembe. Pingili hukatika na kumwagika. Isuuze haraka kwa maji baridi ya bomba, ilaze juu ya gazeti kivulini penye upepo, badilisha gazeti kila baada ya saa 12 kwa siku mbili za kwanza, kisha uiache siku tano nyingine. Ukiruka kusuuza, chumvi itavuta unyevu wa hewa ya Mombasa na sampuli itaota ukungu hata baada ya mwezi. Ukiianika juani itakuwa nyeupe. Iliyokauka iweke kwenye kisanduku chenye pamba na silika jeli, isiwe kwenye bahasha.

Kwa uchunguzi wa jeni, kata pingili chache safi na uzizike kwenye silika jeli yenye uzito mara kumi wa pingili. Fomalini inaharibu jeni.

Fomalini hutumika maabara peke yake, kwa kuwa mvuke wake husababisha saratani: sehemu 1 ya fomalini ya dukani kwa sehemu 9 za maji ya bahari. Ila fomalini ikikaa hugeuka asidi, na asidi hula chokaa. Baada ya miezi utafungua chupa ukute kitambaa cha kijani kisicho na mfupa. Tia boraksi, pima kwa karatasi ya pH, ihakikishe iko karibu na 8, na baada ya siku chache hamishia kwenye ethanoli ya asilimia 70. Rangi ya kijani itatoka, umbo litabaki. Ndiyo maana ulipiga picha pale mwambani.

Lebo iingie ndani ya chupa, isibandikwe nje tu, kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye ethanoli: namba ya sampuli, tarehe, saa, jina la mahali na vipimo vya GPS, kina, jiwe au mchanga, hali ya maji, na jina la aliyechukua. Namba hiyohiyo iandikwe daftarini jioni ileile.